Kukemea wazo baya na bado linarudi: hatua za kufuata ni zipi hasa?

Mtafuta_Njia

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Naomba majibu ya watu wanaolijua jambo hili kwa undani, maana "omba tu" na "jaa Neno" tumeshazisikia.

Mafundisho mengi kuhusu mawazo mabaya hufika 2 Wakorintho 10:5, "tukiteka nyara kila fikira ipate kumtii Kristo", kisha mtu huambiwa akemee. Anakemea. Baada ya dakika mbili wazo limerudi, na safari hii limekuja na la pili: "Ungekuwa umeokoka kweli usingewaza hivi." Hapo ndipo wengi huchoka. Maswali yangu:

1. Wazo likija lenyewe bila kualikwa, tayari ni dhambi? Mpaka uko wapi?
2. Kuiteka fikira nyara hufanyikaje kwa vitendo, ndani ya dakika ile ile?
3. Wazo la tamaa, la kujihukumu na la kukata tamaa, yote hujibiwa namna moja?
4. Mtu akishaanguka, saa ile ile afanye nini?

---

Mlinzi_wa_Lango

Amina, ndugu. Nianze na mpaka, kwa sababu ukikosea hapo, yote yanayofuata yanaharibika.

Wazo kuja si dhambi. Waebrania 4:15 inasema Yesu "alijaribiwa sawasawa na sisi katika mambo yote, bila kufanya dhambi". Kule jangwani aliambiwa waziwazi amsujudie Ibilisi, tena kwa ahadi ya milki zote za ulimwengu. Kulisikia pendekezo lile hakukumtia doa. Yakobo 1:14-15 anaonyesha mfuatano: mtu huvutwa na tamaa yake mwenyewe na kudanganywa, tamaa huchukua mimba, huzaa dhambi, na dhambi ikikomaa huzaa mauti. Kati ya kuvutwa na kuzaa kuna nafasi. Vita vyote viko kwenye nafasi hiyo.

Wamonaki wa kale waliichunguza nafasi hiyo kwa makini sana. John Climacus, abate wa Sinai katika karne ya 7, aliipanga kwa hatua. Kwanza wazo hugusa: neno au picha inapita. Pili, mtu huanza kuzungumza nalo. Tatu, hulikubali kwa kulifurahia. Baadaye hutekwa, hupambana, na mwisho linakuwa mazoea ya nafsi. Hatua ya kwanza haina hatia kabisa. Ya pili ndiyo ya kuchungwa kuliko zote, maana watu wengi hawajui kama wameshaingia humo.

Utajuaje umeingia? Picha imeanza kuongezewa mambo ambayo haikuja nayo. Unapanga saa na mahali. Unabishana na mtu asiyekuwepo chumbani. Unatayarisha utetezi wa jambo ambalo hujalifanya bado. Ukiona hata moja kati ya haya, mazungumzo yameshaanza na ni wakati wa kutoka.

Linganisheni Mwanzo 3 na Mathayo 4. Hawa alijibu hoja ya nyoka, akaeleza, akarekebisha, hata akaongeza "wala msiyaguse", maneno ambayo hayamo katika agizo la Mwanzo 2:17. Yesu alijibu mara tatu, kila jibu sentensi moja, na yote yametoka Kumbukumbu la Torati: 8:3, 6:16 na 6:13. Tena mara mbili Ibilisi alianza kwa "Ukiwa ndiwe Mwana wa Mungu", na mara zote mbili Yesu hakuigusa kauli hiyo. Jambo hilo lilikuwa limeshasemwa na Baba pale ubatizoni (Mathayo 3:17). Hakuwa na deni la kulithibitisha upya mbele ya adui. Lile wazo la pili unalolitaja, "ungekuwa umeokoka kweli...", ni kauli ile ile ya jangwani. Halijibiwi kwa kujitetea.

Sasa kwa nini kukemea mfululizo hakufanyi kazi? Mwaka 1987 mwanasaikolojia Mmarekani Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika 5, na wagonge kengele kila anapowajia. Walishindwa: alikuja zaidi ya mara moja kwa dakika. Kisha waliporuhusiwa kumfikiria, alijaa akilini kuliko kwa wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Akili inayolinda wazo lisiingie hulazimika kulikagua kila mara kama limeingia. Mtu anayekemea wazo moja mara hamsini amelikaribisha mara hamsini. Ndiyo maana Paulo katika Wafilipi 4:8 haishii kukataza. Anataja mambo ya kutafakari: ya kweli, ya staha, ya haki, yaliyo safi, ya kupendeza, yenye sifa njema.

Hatua zenyewe ni hizi:

Litaje kwa neno moja, na umwambie Mungu: "Bwana, huu ni wivu." Usisimulie kisa chake.

Lijibu kwa andiko moja fupi ulilolichagua kabla ya siku hiyo. Kama uko peke yako, litamke kwa sauti ya kawaida, mara moja, au mbili ukipenda.

Hamisha macho, miguu na mikono. Simama, toka chumba hicho, shika kazi inayodai umakini kwa dakika 15 hadi 20. Msukumo wa tamaa hupanda, hufika kilele na hushuka hata kama hukuutimiza. Aliyezoea kuutimiza hajawahi kuuona ukishuka.

Likirudi, rudia vilevile, bila kupandisha sauti na bila hofu. Kurudi kwa wazo si ushahidi kwamba umeshindwa.

Watu hukwama zaidi kwenye hatua ya tatu, ile ya kuhamisha macho, miguu na mikono. Wanafumba macho na kuomba sala ndefu kuhusu jaribu lenyewe, huku picha ile ile inapita mbele yao. Sala ya namna hiyo ni kuendelea kulifikiria kwa lugha ya kanisani. Ukitaka kuomba, ombea mtu mwingine kwa jina lake, na haja yake.

---

Simama_Imara

Nakubaliana na mengi, Mlinzi, ila tusije tukalitupa neno "kukemea" lote. Yesu mwenyewe alisema "Nenda zako, Shetani" (Mathayo 4:10). Na Yakobo 4:7 inaamuru tumpinge.

---

Mlinzi_wa_Lango

Sawa kabisa, mtumishi. Lakini angalia alivyofanya: alisema mara moja, akaweka andiko papo hapo, na mstari wa 11 Ibilisi akamwacha. Hakuna ibada ya saa nzima pale. Na Yakobo 4:7 ina sehemu mbili kwa mpangilio wake: "Basi mtiini Mungu. Mpingeni Shetani, naye atawakimbia." Anayepinga huku mlango anaouchezea ameuacha wazi, kama vile namba ya simu aliyopaswa kuifuta, ameruka sehemu ya kwanza.

---

Zaburi_42

Niingie kwenye swali la 3, kwa sababu hapa ndipo Maandiko mazuri hutumika mahali pasipo pake.

Evagrius, mtawa aliyeishi jangwani Misri na kufariki mwaka 399, aligawa mawazo maovu katika makundi manane: ulafi, uasherati, kupenda fedha, huzuni, hasira, uchovu wa roho, kujisifu bure na kiburi. Kisha akakusanya maandiko ya kujibu kila kundi kwa sehemu yake. Alijua kwamba andiko linalozima hasira si lazima liinue huzuni. Uchovu wa roho, ule wa kuchoshwa na sala, kazi na watu, aliupangia hata saa: huanza kama saa nne asubuhi na kumzingira mtu hadi saa nane mchana. Anayejua saa yake hujiandaa kabla.

Kwa matumizi ya kawaida makundi manne yanatosha.

Tamaa. Hapa jibu ni kukimbia. "Ikimbieni zinaa" (1 Wakorintho 6:18), "zikimbie tamaa za ujanani" (2 Timotheo 2:22). Yusufu aliliacha vazi lake mkononi mwa yule mwanamke (Mwanzo 39:12). Kukaa pale pale ukinukuu mistari ni kosa la mbinu.

Kujihukumu. Amri haifai hapa. Mtu anayeshitakiwa ukimwekea amri unaongeza mashitaka. Anahitaji tamko: "Sasa, basi, hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu" (Warumi 8:1). Lakini kwanza pima: je, wazo linataja tendo fulani ambalo hujalitubu? Kama ndiyo, tubu, maana hiyo ni kazi ya Roho. Kama ni lawama ya jumla isiyo na tendo, "wewe hufai", hakuna cha kutubu hapo. Roho hutaja kosa na kuonyesha njia ya kurudi. Mshitaki hutaja mtu na kufunga njia.

Wasiwasi. Wafilipi 4:6 inataka haja zijulikane kwa Mungu, pamoja na kushukuru. Ziandike: jambo, ninachoweza kufanya leo, ninachomwachia Mungu. Wasiwasi usioandikwa huzunguka.

Kukata tamaa. Usianze na mstari wa ushindi. Anza na mtu anayelia mbele za Mungu. Zaburi 42:5 inaisemesha nafsi: "Nafsi yangu, kwa nini kuinama, na kufadhaika ndani yangu? Umtumaini Mungu." Angalia kwamba mtunzi hakuisikiliza tu nafsi yake, aliiuliza swali. Na maneno hayo yanarudi mstari wa 11, kisha Zaburi 43:5. Hata yeye mara moja haikumtosha. Maombolezo 3 hukaa kwenye uchungu mistari ishirini kabla ya kufika "ni huruma za BWANA kwamba hatuangamii". Wanaoruka mistari hiyo ishirini hupata faraja isiyodumu.

Mistari ya kujibu iandike kwenye kadi: miwili tu kwa kila kundi, yaani minane. Zaidi ya hapo hutaikumbuka wakati wa shida. Mstari usizidi maneno kumi na tano hivi. Mrefu ukate, ila soma sura nzima kwanza usije ukaupotosha. Ibilisi naye alinukuu Zaburi 91:11-12, akaitumia kumwambia Yesu ajitupe. Jifunze mmoja kwa wiki: sema bila kutazama asubuhi, mchana na kabla ya kulala, kisha urudie baada ya siku 3, na tena baada ya wiki. Ujifunze ukiwa na amani. Mstari unaotafutwa kwenye simu wakati jaribu limekolea huja umechelewa, na mara nyingi simu ndiyo iliyolileta jaribu.

---

Mlango_wa_Kutokea

Nitajibu la 4, lakini kabla ya kuanguka kuna kuzuia, na hilo hupuuzwa kwa sababu halina sura ya kiroho.

1 Wakorintho 10:13 inaahidi kwamba pamoja na jaribu Mungu "atafanya na mlango wa kutokea". Watu huutafuta mlango huo dakika ya mwisho, wakati ulikuwa wazi saa mbili nyuma. Warumi 13:14 husema "msiuangalie mwili, hata kuwasha tamaa zake", yaani usiweke maandalizi. Chukua anguko la mwisho ulirudishe nyuma: ilikuwa saa ngapi, mahali gani, ulikuwa na nani au peke yako, ulikuwa na njaa, uchovu, hasira au upweke? Kwa kawaida anguko huwa na dalili mbili tatu zinazojirudia. Ukizijua, amua kabla kwa sentensi ya "nikiona hivi, nitafanya hivi": nikiwa macho baada ya saa nne usiku, simu inalala sebuleni. Nikikasirishwa na ujumbe, sijibu mpaka kesho. Azimio la "nitajitahidi zaidi" halina saa wala mahali, ndiyo maana halishiki.

Mpate mtu mmoja wa kumweleza, wa jinsia yako, mwenye kutunza siri. Yakobo 5:16 haisemi tuungame kwa Mungu peke yake: "ungamaneni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa". Maswali yake yawe mahususi na yale yale kila wiki. "Unaendeleaje kiroho?" hujibiwa "namshukuru Mungu" na mambo yanaishia hapo. "Tangu tuonane, umefungua ile tovuti?" hujibiwa ndiyo au hapana. Ignatius wa Loyola, padre wa karne ya 16, alionya kwamba adui hupenda vishawishi vyake vifichwe, na vikifichuliwa kwa mshauri mwema huona mipango yake haitafanikiwa.

Ukianguka: acha tendo mara moja, hata kama liko katikati. Wazo la "nimeshaharibu, bora nimalize" ni jaribu jipya, na mara nyingi ndilo linaloleta hasara kubwa zaidi. Ungama ndani ya saa ile, kwa maneno machache yanayotaja kosa kwa jina lake (1 Yohana 1:9). Usijiadhibu kwa kukaa mbali na sala siku tatu ili "upoe". Petro na Yuda wote walihuzunika, tofauti ni nani alirudi. 2 Wakorintho 7:10 inatenganisha huzuni iliyo kwa jinsi ya Mungu, iletayo toba, na huzuni ya dunia, ifanyayo mauti. Kama umemdhuru mtu, nenda kwake. Toba ya wizi ina kurudisha. Kisha, siku inayofuata, si usiku ule ule ukiwa na aibu, andika kilichotangulia anguko na urekebishe jambo moja.

---

Mshauri_wa_Vijana

Shalom. Naongeza jambo ambalo likikosewa, ushauri wote hapo juu unaweza kumwumiza mtu.

Kuna mawazo ya kukufuru, ya kumdhuru mtoto au ya uchafu wakati wa sala, yanayomchukiza mwenyewe na kumtisha, na kadiri anavyoyapinga ndivyo yanavyozidi. John Bunyan, mhubiri Mwingereza wa karne ya 17, aliteswa kwa muda mrefu na wazo lililomwambia amwuze Kristo. Kuchukizwa kwako ni dalili kwamba wazo hilo si nia yako. Mtu wa namna hii huungama jambo lile lile mara nyingi, huomba kuhakikishiwa tena na tena kwamba amesamehewa, huanza sala upya kwa sababu haikuwa "safi". Kila uhakikisho humtuliza kwa muda mfupi, kisha shaka inarudi na nguvu zaidi. Msaada ni kinyume cha mazoea yake: ungamo moja tu, mshauri mmoja tu, sala haianzwi upya, na wazo linaachwa lipite bila kujibiwa hata kwa andiko. Ndiyo, hata kwa andiko, kwa sababu kwake andiko limekuwa sehemu ya mzunguko. Likichukua zaidi ya saa moja kwa siku au likizuia kazi na usingizi, apelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili. Ni ugonjwa unaotibika. Wala si pepo, wala si upungufu wa imani.

Huzuni nayo ipimwe. Ikikaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na kukosa usingizi, kukosa hamu ya chakula na kutofurahia chochote, daktari ahusishwe huku sala zikiendelea. Elia alipoomba afe (1 Wafalme 19:4), malaika hakumhubiria. Elia alilala, akaamshwa akala mkate na kunywa maji, akalala tena, akala mara ya pili. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye, Horebu.

Na mtu akianza kuwaza kujiua, asikae peke yake na asisubiri ibada ya Jumapili. Amwambie mtu sasa hivi, vitu vya kujidhuru viondolewe karibu naye, na apelekwe hospitali. Wewe unayeambiwa, muulize waziwazi. Kuuliza hakumpi wazo hilo.

---

Mtafuta_Njia

Mungu awabariki sana. Moja la nyongeza: kufunga kunaingia wapi? Wengi husema "aina hii haitoki ila kwa kusali na kufunga".

---

Zaburi_42

Kwanza, mstari huo (Mathayo 17:21) haumo katika baadhi ya nakala za kale, na habari yake ni ya mtoto mwenye pepo, si ya fikra za mwamini. Kufunga kunasaidia kwa namna nyingine: kunauzoeza mwili kuambiwa "hapana" katika jambo halali, ili uwe umezoea linapokuja lisilo halali. Lakini kunaongeza uchovu na hasira, na jaribu la kwanza la Yesu lilikuwa mkate, alipoona njaa. Kwa hiyo usifunge katikati ya dhoruba. Anza na mlo mmoja kwa wiki, siku iliyo tulivu, kunywa maji, na muda wa mlo huo uwe wa sala na kusoma, usiwe wa simu. Mwenye kisukari, vidonda vya tumbo, mjamzito au anayemeza dawa amwulize daktari kwanza.

Na yule wa huzuni ya wiki mbili aliyetajwa hapo juu asifunge chakula kabisa. Kama anataka kutoa kitu, afunge mitandao ya kijamii kuanzia saa mbili usiku, na ale vizuri.